Ramani ya Fisi wa Kiseke

Sabina alinipigia simu siku ya pili baada ya mama yake kufariki, akaniomba niandike wasifu wa marehemu. "Wewe ndiye wa kalamu, dada Leti," alisema. "Mama alikuwa akiusifia mwandiko wako mpaka tunamwambia basi, tumesikia." Nilikubali kabla hajamaliza, kama mtu anayewahi kufunga mlango. Wasifu wa marehemu ni karatasi moja tu: alizaliwa wapi, alisali wapi, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wangapi, aliugua nini. Nimewaandikia watu wengi, na kwa kawaida kazi huisha kabla chai haijapoa. Huu wa Mama Sabina ulinila siku mbili na karatasi kumi na moja, kwa sababu ya sentensi moja. Kati ya miaka aliyoishi Mwanza na miaka aliyorudi kwao Majita, kule pwani ya ziwa upande wa Mara, palihitajika sababu ya kuhama. Mwishowe niliandika kwamba alirudi nyumbani kwa sababu za kifamilia. Mzee wa kanisa aliisoma hivyo hivyo, waombolezaji waliokaa chini ya turubai wakatikisa vichwa, tukaendelea na idadi ya wajukuu. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimekalia mikono yangu. Hakukuwa na sababu yoyote ya kifamilia. Kulikuwa na fisi, na kulikuwa na ramani niliyoichora mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya tisini, nikikaa Kiseke, pembeni mwa mji wa Mwanza, kwa shangazi yangu Kabula. Mengine ya ukoo wangu hayana kazi hapa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yamenikataa, nami nilikuwa nimeamua kurudia mtihani kwa kujisomea, bila mwalimu, kwa vitabu nilivyochambua kwenye mafungu ya vitabu vikuukuu pale Kirumba. Nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha jiografia. Hakikuwa na jalada na kilianzia ukurasa wa tisa, kwa hiyo mpaka leo sijui kurasa nane za kwanza zilisema nini, na bado jambo hilo linanikera. Humo nilijifunza ramani. Nilikisomea kwenye chumba changu cha nyuma, chenye kuta za tofali za saruji zisizopigwa lipu, na dirisha la nondo nililoliziba kwa kipande cha khanga. Meza yangu ilikuwa kreti la samaki lililogeuzwa kichwa chini. Nililisugua kwa mchanga na sabuni, lakini jua likiwaka harufu ya sangara ilirudi palepale. Ukuta kati yangu na sebule haukufika juu, maana saruji iliisha kabla ya ukuta kuisha, na kwenye uwazi ule yalipita maneno yote ya wageni wa shangazi. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Kufagia ua ilikuwa kazi yangu kila alfajiri, na nilifagia kwa mistari iliyolingana kama ya daftari, kuku akipita juu yake nilirudi kuanza upya, na shangazi alikuwa akiniangalia kutoka mlangoni na kusema, "Wewe mtoto, nani anakuja kukagua?"

Kiseke ya wakati ule ilikuwa nusu mtaa, nusu pori. Viwanja vilikuwa vimepimwa, na watu waliopata fedha katika biashara mpya mpya, za minofu ya samaki na za nguo za mitumba, walikuwa wakinunua na kujenga. Kila nyumba ilihitaji kokoto, na kokoto zilitoka kwenye yale mawe makubwa ya vilimani. Vijana na kina mama waliwasha matairi juu ya jiwe mpaka likapasuka kwa moto, kisha wakaligonga kwa nyundo kutwa nzima. Hewa ilikuwa na ladha ya mpira ulioungua. Miti iliyokuwa kati ya mawe iliishia kwenye magunia ya mkaa. Wa kwanza kutujia walikuwa pimbi. Walishuka kwenye mawe wakala kunde za Mama Doto, jirani yetu wa kushoto, wakala mpaka maua. Halafu tumbili mmoja aliingia jikoni kwa mwalimu wa hapo jirani akatoka na ugali mzima mkononi, akakaa juu ya paa akiula kwa kupulizia kwa sababu ulikuwa wa moto. Tulicheka wiki nzima. Kenge akaingia kwenye banda la kuku, tukacheka kidogo. Kisha fisi akachukua mbuzi wa Mama Doto, na kicheko kikaisha. Mpaka leo nashindwa kuelewa kwa nini hatukuziunganisha habari hizi. Pimbi, tumbili, kenge, hao walikuwa wanyama walionyang'anywa makao. Fisi alipokuja kwa njia ileile, kutoka kwenye mawe yaleyale, ghafla akawa ametumwa.

Mama Sabina alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu upande wa kulia, nyumba ya mwisho kabla ya mawe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, Mjita peke yake katikati ya majirani ambao wengi wao walikuwa Wasukuma. Alifanya kazi ya mapanki, yaani mifupa ya sangara, kichwa na mkia na nyama kidogo katikati, inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Kila siku aliondoka saa kumi alfajiri, akiwahi pikapu iliyowachukua kina mama wa kazi hiyo mpaka geti la kiwanda, na akarudi saa tatu na ndoo zake. Aliyaanika mapanki kwenye vichanja vya miti nyuma ya nyumba, kisha akayakaanga kwenye pipa lililokatwa nusu, moshi ukimwingia machoni mpaka yakawa mekundu moja kwa moja. Nilikula kwake karibu kila siku. Alikuwa na kibanda cha jiko chenye benchi moja, na pale nilikaa na bakuli la mapanki yaliyochemshwa na nyanya na ndimu, pamoja na ugali wa muhogo mweusi mweusi unaovutika. Alinifundisha kunyonya mfupa wa kichwa bila kujichoma. "Wazungu wanakula sponji," alisema. "Utamu wote wametuachia." Malipo yangu yalikuwa barua. Sabina alikuwa shule ya bweni, na mama yake hakuuamini mwandiko wake mwenyewe, kwa hiyo alitamka na mimi nikaandika, naye akakaa akiiangalia barua iliyokwisha kama mtu anayeangalia kitambaa kizuri. "Usiikunje bado. Acha kwanza niione."

Mbuzi wa tatu alipochukuliwa, shangazi alinituma ofisi ya wanyamapori mjini. Nilimkuta karani anakula karanga. Nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza vizuri tu. "Fisi wako wangapi?" aliuliza. Nikasema sijui. "Wanatokea wapi?" Kwenye mawe. "Mawe gani? Mwanza yote si mawe, binti?" Akaniambia gari liko moja, halina mafuta, na hata likiwa nayo haliwezi kutumwa kwa maneno ya mdomo. "Leteni barua. Ielezwe sehemu, njia wanazopita, saa. Tupate pa kuanzia." Labda alikuwa ananifukuza kwa adabu. Mimi niliyasikia maneno yale kama mwaliko. Njiani kurudi nilitembea mpaka Pasiansi bila kuhisi miguu, nikijisemea: njia wanazopita, saa. Kumbe kuna mtu duniani anayehitaji ramani.

Nilifanya kazi ile kwa wiki tatu. Kila asubuhi nilifagia ua wetu, nikanawa, nikanywa uji, na ilipofika saa moja nikatoka na daftari kwenda kutafuta nyayo. Fisi ana unyayo unaofanana na wa mbwa lakini mkubwa zaidi, na wa mbele ni mpana kuliko wa nyuma. Hilo nilijifunza mwenyewe kwa kupima na rula. Nilihesabu hatua kati ya nyumba na nyumba. Nilichora nyumba ishirini na mbili, njia, bomba la maji, mawe, na nyayo nikaziweka kwa kalamu nyekundu. Nilipomaliza nakala ya sita, ambayo ndiyo ya kwanza isiyokuwa na doa, niliiweka ukutani nikarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa nzuri. Naweza kusema hivyo hata leo. Mistari myekundu ilitoka kwenye mawe, ikapita pembeni mwa mtaa, na yote, bila kubaki hata mmoja, ikakutana kwenye ua wa Mama Sabina kama vijito vinavyoingia ziwani. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani nilijua kwa nini: harufu ya mapanki. Nilikusudia kuliandika hilo kwenye barua, ambayo nilikuwa bado naisahihisha.

Shangazi hakungoja barua. Alijivuna, akaichukua ramani kutoka ukutani wakati mimi nimekwenda kuteka maji, akampelekea balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shija, ili aone watoto wa siku hizi wanavyojua mambo. Mzee Shija alikuwa mtu mtaratibu, fundi cherehani, mwenye kupenda karatasi. Alikuwa na faili la kila kitu. Jioni yake nikiwa chumbani nikasikia sauti yake sebuleni, na sauti ya Mama Doto.

"Kabula, huyu mtoto amefanya kazi ya serikali," alisema Mzee Shija.

"Si unaona zinaishia wapi?" alisema Mama Doto. "Tangu lini fisi wa porini akawa na nyumba ya kurudi? Huyu ni fisi wa mtu."

"Ni mapanki yale, Mama Doto," alisema shangazi. "Hata paka wangu anashinda huko."

"Paka! Paka anakula mbuzi? Mtu anaondoka saa kumi usiku peke yake, macho mekundu kama makaa, unasema paka."

Wasomaji wa Usukumani hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba kwetu, watu wengi waliamini na wanaamini kuwa wachawi hufuga fisi kama wengine wanavyofuga ng'ombe, huwapanda, huwakamua, na fisi huwa anarudi kwa mwenyewe kabla hakujapambazuka. Nilikaa kwenye kreti langu. Nilitaka kutoka niseme ramani ile haina maana hiyo. Lakini nilianza kutafuta namna ya kusema, nikapanga sentensi ya kwanza, nikaibadilisha, na nilipoipata iliyonyooka wageni walikuwa wameshaaga.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa bado inajengwa. Watu walikaa juu ya tofali zilizopangwa, na ramani yangu ilibandikwa ukutani kwa misumari minne. Iliniuma kuona misumari imetoboa mpaka ndani ya fremu niliyoichora. Naungama kwamba hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mzee Shija alieleza kwa upole, akielekeza kwa rula yake ya ufundi. Mama Sabina alikuja na khanga yenye madoa ya mafuta, akasimama karibu na ramani, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anautambua mwandiko. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Una la kusema, mama?" aliuliza balozi.

"La kusema nini, Mzee Shija? Fisi wangu?" Alicheka. "Mimi ningekuwa na fisi ningembebesha ndoo za mapanki. Mnanionaje nakuja nimepinda shingo kila siku, na usafiri ninao nyumbani?"

Watu wakacheka, wengi tu, na kwa dakika moja nilidhani imekwisha. Kisha Mama Doto akasimama juu ya tofali. "Mmemsikia? Amejuaje kuwa fisi hubebeshwa?" Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee Shija akaniita, akisema mwanangu kwa Kisukuma. "Leti, ng'wanawane, hizi nyayo umeziona mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Umeongeza chochote?" Nikasema sikuongeza. "Umepunguza?" Nikasema sikupunguza. Nilitaka kuendelea, kusema habari ya harufu, ya matairi, ya pimbi, lakini nikiwa bado napanga sentensi mzee alishageuka kuwaambia watu, "Mnaona. Karatasi haina ugomvi na mtu." Uamuzi ulikuwa wa kumtenga. Asipewe moto, chumvi wala salamu, asisaidiwe jambo lolote, mpaka alete mbuzi wawili wa kuwaomba radhi wakazi. Mama Sabina alijibu kwa kifupi. "Nikileta mbuzi nitakuwa nimekiri. Sileti." Njiani kurudi shangazi alisema Mama Sabina ashukuru ni kutengwa tu, huko vijijini kina mama wenye macho kama yale hawaitwi mkutanoni, hufuatwa usiku na mapanga.

Siku ya tatu baada ya mkutano niliamka na malaria, nikashindwa kufagia. Shangazi alikuwa amekwenda ibada ya asubuhi. Nilipojikokota kwenda chooni, saa moja kasoro, niliona kitu ambacho mpaka sasa nikikikumbuka hunipanda joto usoni. Kwenye ua wetu, kati ya mlango wangu na banda la kuku, zilipita nyayo za fisi. Mpana mbele, mwembamba nyuma. Zilizunguka jiko, zikasimama chini ya dirisha langu, zikatoka kuelekea kwa Mama Doto. Nilichuchumaa pale na homa yangu na nikaelewa yote kwa mara moja. Katika mtaa mzima kila mwanamke, au kila binti wa nyumba, hufagia ua kabla jua halijatoka; ua usiofagiwa ni wa msiba au wa mvivu. Fisi walikuwa wakipita kwetu sote. Sisi tulizifagia nyayo zao gizani na majani na kinyesi cha kuku, bila kuzitazama, kisha saa moja mimi nikatoka na daftari kwenda kuzitafuta. Zilibaki mahali pamoja tu, kwa mwanamke ambaye saa hiyo yuko kwenye geti la kiwanda na hufagia saa tatu akirudi. Na mfagiaji hodari kuliko wote Kiseke alikuwa mimi.

Nilimngoja shangazi mlangoni. Alisikiliza akiwa bado ameshika kitabu chake cha nyimbo, akazitazama nyayo, akakaa kwenye kizingiti.

"Nenda kwa Mzee Shija. Nenda sasa hivi."

"Niende na nini, shangazi? Mikono mitupu?"

"Na mdomo. Una mdomo, au huna?"

"Atasema ni nyumba moja tu. Atasema Mama Sabina amemtuma kwetu kulipiza. Lazima nipate nyumba nyingi, angalau siku kumi, nichore upya. Wakiiona wataelewa."

Alinitazama kwa namna ambayo ningependa kuisahau. "Leti," alisema, "watu hawakuiamini ile karatasi kwa sababu ni sahihi. Waliiamini kwa sababu ilisema walichokuwa wanataka." Lakini aliniruhusu. Aliacha ua wake bila kufagiwa, aibu kubwa kwa mwanamke kama yeye, na wapita njia walisimama kuuliza nani amefariki.

Kwa hiyo nikaanza tena. Nilitoka kunapoanza kupambazuka, kabla ya mafagio, nikipita nyumba kwa nyumba, na nyayo zilikuwepo kila mahali: kwa mwalimu, kwa Mama Doto mwenyewe, kwenye shimo la mchinja nyama, na kwenye zizi la ndama la Mzee Shija, ambako fisi alikuwa amekaa kabisa, alama ya makalio imebaki mchangani. Siku ya tano nilikuwa na nyumba kumi na nne. Mtu mwingine angekwenda siku hiyo. Mimi nilitaka zote ishirini na mbili. Wino wangu ulivuja kwenye kona ya nakala ya kwanza, nikaanza ya pili. Nikaona nyekundu itawakumbusha ile ya zamani, nikaenda mjini kutafuta kalamu ya buluu yenye ncha nyembamba. Skeli ya ramani ya kwanza niligundua ilikuwa na kosa dogo upande wa bomba, nikapima hatua zote upya. Ninayaandika haya si kwa kujisifu kwamba nilikuwa makini. Nilikuwa naogopa, na umakini ulikuwa mahali pazuri pa kujificha.

Na siku zilikuwa zinapita juu ya mwili wa mtu. Nilimwona Mama Sabina bombani siku ya saba. Kina mama walisogea wakamwachia nafasi. Alijaza ndoo yake, akainama, akangoja. Ndoo ya lita ishirini huwezi kujitwisha mwenyewe ukiwa na miaka yake; kila mtu hutwishwa na aliye karibu, hata na asiyemjua, hata na adui. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba; nilikuwa nimevaa ndala. Nilijiambia kwamba nikimtwisha leo watasema nimemhurumia, na ramani yangu itaonekana ya upendeleo. Ndivyo nilivyojiambia, neno kwa neno. Alimwaga nusu ya maji, akajitwisha nusu, akaenda.

Siku mbili baadaye alikuja kwenye dirisha langu, mchana kweupe, wala hakujali nani anamwona. Alisogeza khanga kwa kidole.

"Leti. Nataka unisaidie barua. Umwambie Sabina likizo asije huku, aje Majita."

"Mama, subiri Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Nitakuwa nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

Nilisogea pembeni aione kwenye kreti, mistari ya buluu ikiwa imefika nyumba ya kumi na tisa. "Ramani. Nyingine. Inaonyesha kwamba wanapita kwa wote. Nilikosea, mama. Zile za wengine tulikuwa tunazifagia."

Aliitazama kupitia nondo. Sijui ni kiasi gani alielewa. Nadhani alielewa yote. "Mwanangu," alisema, na hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake, ningefurahi kama ungekuwepo, "ile ya kwanza haikutosha?" Kisha akanitamkia barua akiwa amesimama pale juani, na nikaiandika. Kwa mara ya kwanza hakuomba kuiona kabla sijaikunja.

Aliondoka Ijumaa asubuhi, kwenye ileile pikapu ya kina mama wa mapanki. Walizunguka wakampeleka mpaka kituo cha mabasi. Ndoo zake aliwaachia wao. Kufika mchana watu walikuwa wameshavunja vichanja vyake kwa kuni. Jumatatu ilifika, na ramani haikuwa tayari, maana sasa nilikuwa sijui nyumba yake niiandikeje: jina lake, au nyumba tupu, au niiache bila kitu. Hilo peke yake lilinichukua wiki. Na katika wiki hiyo fisi waliacha kuja. Nilitoka kila alfajiri, nikazunguka mtaa mzima nikiinama, na hakukuwa na unyayo hata mmoja. Bila shaka; mapanki yalikuwa yamekwisha, harufu imekwisha, na wenyewe wamehamia mahali pengine penye mabaki. Mimi nilijua hivyo. Lakini bombani watu walikuwa na maelezo mafupi kuliko yangu. "Mmeona?" alisema Mama Doto akimtwisha mtu ndoo. "Mmeona sasa?" Niliwahi kufikiri kwamba ukweli ukiwa kamili hauna mahali pa kupenya uongo. Mwaka ule ukweli wangu wote, nyayo, harufu, mawe yaliyochomwa, ulisimama mstari mmoja kuutetea uongo wao, na sikuwa na ramani ya kuchora kitu cha namna hiyo.

Nilikwenda kwa Mzee Shija hata hivyo. Ilikuwa alasiri, yuko barazani kwenye cherehani yake akishona sare za shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasogeza vitambaa nipate pa kukaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na sentensi tatu, fupi, nimezikariri: kwamba tulifagia, kwamba fisi alikaa kwenye zizi lako, kwamba yule mama aitwe arudi aombwe radhi mbele ya watu. Nilikunjua ramani juu ya meza ya cherehani. Alivaa miwani. Aliifuata mistari ya buluu kwa kidole, nyumba kwa nyumba, akafika kwake, kwenye zizi la ndama, kidole kikasimama. Kilisimama muda mrefu kiasi kwamba nilijua amesoma, na amejua, na kwamba hakuna kilichobaki isipokuwa mmoja wetu aseme. Nikafungua mdomo. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, akatabasamu kama mwalimu.

"Hii ni nzuri kuliko ile," alisema. "Gete, kweli kabisa, nzuri sana. Nitaiweka kwenye faili." Akaipapasa kwa kiganja. "Hebu niambie, ng'wanawane. Mistari hii uliipigaje ikanyooka hivi, na wino usitapakae?"

Nikamweleza. Nikamweleza kwamba rula lazima iinuliwe kidogo upande mmoja, isilalie karatasi, na kwamba kalamu unaivuta, huisukumi, na kwamba ukifika mwisho wa mstari unahesabu mpaka tano kabla hujaiondoa rula. Alinisikiliza kwa makini sana. Akaomba nimwonyeshe, nami nikachukua rula yake, nikamwonyesha.